Nguvu ya boti haiko katika unene

Mimi nilikuwaka nawaza kama boti ya mbio inapata nguvu juu ya unene wake. Historia ilinikosoa.

Mwaka 1960, katika mashindano ya Miami mpaka Nassau, Richard Bertram alishinda bahari ikiwa imechafuka. Boti yake Moppie, iliyochorwa na Ray Hunt, ilikuwa na tumbo la umbo la V, tena ilikuwa ya mbao. Umbo lake njo likatoa kalibu ya Bertram 31, ya nyuzi za kioo na rezini.

Kwa nini kuacha mbao? Mbao zinaungwa, na kila pigo la wimbi linalegeza viungo. Ganda la nyuzi linatoka kalibuni kipande kimoja. Lakini rezini peke yake inapasuka kama sahani. Kinachobeba mzigo ni nyuzi. Fundi akimwaga rezini nyingi, boti inakuwa nene na nzito, bila nguvu kuongezeka. Akiacha hewa kati ya matabaka, mapigo ya mawimbi yatayabandua.

Kwa hiyo, bainjinia wa kesho, mukipewa boti ya kukagua, musigonge tu na kusema "hii ni nene". Ulizeni nyuzi zilipangwa namna gani. Ndani mutapanda watu.