Majani makavu katika hodhi ya samaki

Majani makavu ni yale yaliyokauka na kuanguka yenyewe, ambayo wafugaji wa samaki wa urembo huyatia katika hodhi ya kioo yenye maji baridi, ili yayape maji rangi ya chai na yawapatie samaki maficho. Mashuhuri kuliko yote ni ya mkungu (*Terminalia catappa*), ambao watu wa pwani huupanda uani kwa ajili ya kivuli. Jani lake, likisha kulowa, hutoa tanini na asidi nyinginezo, zipunguzazo umagadi wa maji, walakini pale tu chokaa ilipo haba. Kwa hiyo mkazi wa Unyambwa, katika Manispaa ya Singida, akichota maji ya magadi na chumvi mfano wa yale ya ziwa Singida au Kindai, asitaraji natija kubwa ila rangi. Samaki wa mawe wa Tanganyika na Nyasa, wapendao maji ya chokaa, hawana haja na majani hayo. *Nothobranchius guentheri* wa Unguja, aishiye katika madimbwi ya msimu, huyastahimili vyema. Wauzaji husema kuwa majani hayo ni dawa ya kila maradhi, na huko ni kutia chumvi.

Huoshwa, huchemshwa hata yazame, na yakioza mno huondolewa, kwani hula hewa ya maji. Majani mabichi hayafai. Mnyaa, uliozoeleka kuwa ua wa boma, usikaribishwe kabisa: utomvu wake huua samaki.