Tezi Ndogo, Mzigo Mkubwa

Wahenga walinena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Leo tuutazame mwiba mmoja wa shingoni.

Nyuma ya tezi ya thairoidi, ile inayovimba mtu akiota rovu, zipo tezi nyingine, kwa kawaida nne, kila moja kama punje ya mchele. Huitwa parathairoidi. Mwaka 1880 Ivar Sandström, mwanafunzi wa udaktari huko Uppsala, Sweden, alizieleza katika mwili wa binadamu, lakini wakubwa wa fani hawakumjali sana. Kazi yake ni kulinda kiasi cha kalsiamu katika damu.

Mwaka 1925, mjini Vienna, daktari Felix Mandl alimpasua kondakta wa tramu aliyeteswa na mifupa. Alipoondoa tezi iliyovimba, mifupa ikaanza kupona. Ikadhihirika kuwa mkosaji alikuwa tezi, wala si mifupa.

Figo nazo zinaingiaje? Kabla ya 1960, mgonjwa ambaye figo zake zimekufa hakuishi muda mrefu. Mwaka huo, huko Seattle, Marekani, Belding Scribner alitengeneza mrija wa kuachwa mkononi, mgonjwa akaweza kusafishwa damu kwa mashine tena na tena. Clyde Shields, wa kwanza kuwekewa, aliishi miaka 11 zaidi.

Watu wakaishi, na taabu mpya ikajitokeza. Figo mbovu haitoi fosfeti, wala haiamshi vitamini D. Kalsiamu hupungua, tezi hufanyishwa kazi usiku na mchana, hutanuka, na mifupa huliwa.

Mara chache sana, tezi hiyo huwa na saratani. Uchache wenyewe ndio mtego. Kwa kuwa tezi za mgonjwa huyu zimekwisha kuvimba, saratani hudhaniwa uvimbe wa kawaida, na mara nyingi hujulikana baada ya upasuaji, chini ya hadubini. Ikiondolewa nzima mara ya kwanza, tumaini ni kubwa. Ikipasuka, mbegu zake huweza kutawanyika.

Basi, mgonjwa wa figo akilalamikia mifupa, asiambiwe ni uzee tu. Apimwe damu, na shingo yake ikaguliwe. Kalsiamu inayopanda pasipo sababu iliyo wazi ni kengele, tusiizibie masikio.