Mizinga Mitupu: Fundisho la Nyuki wa Buckfast

Katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, wengi watapenda kusoma habari za mavuno. Sisi twaona yafaa kukumbuka hasara pia, kwani ni mfuga nyuki gani asiyewahi kugonga mzinga akajibiwa na kimya?

Nyuki wetu wakiona njaa huhama. Nyuki wa Ulaya hawana pa kuhamia. Theluji ianguke, hujikusanya kama mpira kumzunguka malkia, wakila asali yao ili wapate joto. Kundi dogo, au lenye ugonjwa, au lililonyang'anywa chakula, halifikii majira ya maua.

Mwaka 1904, katika kisiwa cha Wight, Uingereza, nyuki walionekana wakitambaa chini wasiweze kuruka. Ugonjwa ukavuka bahari ukaenea nchini. Katika nyumba ya watawa ya Buckfast, Devon, palikuwa na makundi 46. Kufika mwaka 1916 yalisalia 16. Kijana wa Kijerumani, Karl Kehrle, aliyeitwa Bruda Adam, alikuwa ameanza kazi ya nyuki mwaka 1915 tu.

Hasara hiyo haikumvunja moyo. Aliwatazama waliopona, akaona kwamba ni wenye asili ya Italia. Nyuki weusi wa nchi ile waliokuwa hapo Buckfast walikuwa wamekwisha. Basi akaanza na hao waliosalia. Mwaka 1919 alikabidhiwa mizinga yote, na mwaka 1925 akaweka kituo cha kuzalishia malkia huko Dartmoor. Mwaka 1921 mtaalamu John Rennie alitangaza utitiri unaokaa katika njia ya pumzi ya nyuki, ingawa wataalamu wa baadaye walisema huenda utitiri haukuwa sababu pekee.

Mwaka 1987, akiwa na umri wa miaka 89, Bruda Adam alifika Kilimanjaro kutafuta nyuki weusi wa milimani, wanaostahimili baridi. Naam, mzee yule alikuja kutafuta kwetu!

Ndugu wanachama, kipupwe kilichopita baadhi yetu tulikuta mizinga mitupu, tukaona haya kusema. Tusifichane. Hasara iliyofichwa haimfundishi jirani. Tuchunguze masega kabla nondo hawajayaharibu, tuyatunze makundi yaliyopona, na wakati wa kurina tuwaachie nyuki akiba yao. Mrina asali asiyebakiza hurina mara moja tu.