Mpiga Tarumbeta Ambaye Sauti Yake Haikuhifadhiwa

Neno jazi si geni masikioni mwa watu wetu. Mwaka 1932 wapiga muziki wa Dar es Salaam walipoanzisha chama chao walikiita Dar es Salaam Jazz Band, na baadaye wenzao wa Morogoro na Tabora nao wakalichukua jina hilo. Wengi wametaja jina, lakini ni wachache waliouliza lilikotoka. Leo twapenda kuwasimulia wasomaji habari za mtu mmoja aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa muziki huo. Jina lake ni Charles Bolden, na watu wa mji wake walimwita Buddy.

Mji wenyewe ni New Orleans, bandari iliyo kando ya mto Mississippi, kusini mwa Marekani. Watu weusi wa huko walikuwa wazao wa watumwa waliotolewa Afrika, na utumwa ulikomeshwa nchini mwao mwaka 1865. Walipopata uhuru wengi wao walikuwa maskini, basi wakaunda vyama vya kufaana na kuzikana, kama tujuavyo sisi wenyewe faida ya vyama hivyo. Mwanachama akifa, wenzake walimsindikiza kwa bendi ya tarumbeta na ngoma. Wakienda makaburini walipiga nyimbo za kanisa polepole, kwa huzuni. Wakirudi walipiga kwa furaha, na watoto wakaifuata bendi njiani wakicheza.

Katika mji huo Bolden alizaliwa mwaka 1877. Baba yake alikufa mwaka 1883, mtoto akiwa na umri wa miaka sita, naye akalelewa na mama yake pamoja na dada yake. Alipokuwa kijana, jirani mmoja alimfundisha kupiga korneti, ambayo ni tarumbeta fupi ya shaba. Hakuacha kazi kwa ajili ya muziki. Kitabu cha mji kilichoandika majina ya wakazi na kazi zao kilimtaja kwanza kuwa fundi wa kupiga lipu. Mchana alishika mwiko, na usiku alishika tarumbeta. Ni baadaye tu kitabu hicho kilipomwandika kuwa mpiga muziki.

Je, alileta jambo gani jipya? Mjini walikuwapo wapigaji waliosoma sana, waliofuata alama za muziki kwenye karatasi na kuwapigia wakubwa kwa adabu. Bolden alikusanya vitu ambavyo watu walivitenga: uimbaji wa kanisa la Kibaptisti, nyimbo za huzuni za wafanyakazi, miguu ya gwaride na michezo ya dansi. Akavichanganya vyote, akavipiga kwa nguvu na kwa namna yake mwenyewe, na watu maskini wakajisikia wao katika sauti ile. Mahali pamoja alipopiga palikuwa ukumbi wa chama cha kusaidiana kiitwacho Union Sons. Usiku wa Jumamosi ukumbi huo ulijaa wachezaji, na siku ya Jumapili Wabaptisti waliingia humo kusali. Nyumba ilikuwa ile ile moja, na ilikuwa mali ya watu wale wale.

Lakini sifa yake haikudumu. Mwaka 1906 alianza kuumwa kichwa vibaya, na akili yake ikavurugika. Mwezi wa Juni 1907 alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili katika mji wa Jackson, jimbo la Louisiana, akiwa na umri wa miaka 29. Alikaa humo miaka 24, hata akafa tarehe 4 Novemba 1931. Alizikwa katika makaburi ya maskini mjini New Orleans, bila jiwe wala alama ya kaburi lake. Kumbukumbu yake iliwekwa hapo baada ya miaka mingi kupita.

Jambo la kusikitisha zaidi ni hili. Sahani ya kwanza ya santuri yenye muziki wa jazi ilitolewa mwaka 1917, nayo ilipigwa na bendi ya watu weupe wa mji ule ule. Wakati huo Bolden alikuwa hai, lakini alikuwa amefungiwa hospitalini karibu miaka kumi. Hakuna hata sahani moja ya tarumbeta yake iliyopatikana. Imebaki picha moja tu, akiwa pamoja na wenzake watano.

Basi habari zake zilibaki katika vinywa vya wazee. Louis Armstrong, aliyepata sifa duniani kote, alisema kwamba alimsikia Bolden alipokuwa mtoto mdogo. Lakini vinywa navyo huongeza chumvi. Wengine walisema tarumbeta yake ilisikika maili nyingi. Kitabu kilichotoka mwaka 1939 kiliandika kwamba alikuwa kinyozi na mwenye gazeti. Ndipo mtu mmoja, Donald Marquis, alipopekua hati za mji, za mahakama na za hospitali, na kuwauliza wazee waliokuwa wangali hai. Katika kitabu chake cha mwaka 1978 alionyesha kwamba Bolden hakuwa kinyozi wala hakuwa na gazeti. Alikuwa fundi lipu aliyependa muziki. Sifa yake haikupungua kwa ukweli huo. Kwa maoni yetu ilizidi.

Hapa ndipo sisi waalimu, na ninyi wasomaji, tunapoguswa. Katika vijiji vyetu wamekuwapo wazee waliopiga ngoma za beni, gitaa na tarumbeta jioni baada ya kutoka shambani au kazini, wasilipwe kitu. Walitusindikiza harusini na matangani. Wengi hawakuingia katika santuri wala redio, na hati za kupekuliwa ni chache. Tukingoja hata wafe, tutabaki na hadithi za kinyozi asiyekuwa kinyozi. Heri mtoto ajuaye kuandika aende leo kwa babu yake na daftari, amwulize: Ulifundishwa na nani? Mchana ulifanya kazi gani? Wenzako walikuwa akina nani? Kisha ayaandike majibu kama alivyoyasikia, asiongeze neno.