Kilegezamisuli, Si Kipumzishi

Sindano anayochomwa mtu ambaye mgongo umemkaza hadi hawezi kuinama imepewa, katika maandishi yetu mengi ya afya, jina la "sindano ya kupumzisha misuli", na wapo wanaotamani kulifupisha liwe "kipumzishamisuli" kisha waligonge muhuri. Jina hilo halikutoka kwa mgonjwa wala kwenye msuli wenyewe. Limetoka katika kamusi ya Kiingereza iliyofunguliwa penye kitenzi cha maana mbili, relax, mtafsiri akaokota ile ya mtu aliyejinyoosha kochini. Mimi nashika kilegezamisuli, na sababu zake nitazieleza hapa, ingawa najua zipo meza ambazo hoja haifiki mpaka chai iishe.

Ushahidi wa kwanza ni malalamiko ya mgonjwa. Kihonda, Morogoro, ni mahali pazuri pa kuyasikiliza: kuna vibarua wa viwandani, kuna bodaboda wanaoshinda juu ya tandiko katika barabara ya Dodoma, na mjini kuna wanawake wanaoteremsha ndizi na mboga kutoka milima ya Uluguru, mzigo kichwani. Hakuna kati yao atakayemwambia tabibu kwamba misuli yake imechoka na inaomba mapumziko. Atasema mgongo umekaza, shingo imekaza, mguu umekakamaa. Msuli uliochoka ukilala unapata nafuu. Uliokaza unalala nao, na alfajiri unaamka nao umekaza vilevile. Sasa, kaza ina kinyume chake, na fundi yeyote wa pikipiki anakijua: nati iliyokazwa hulegezwa, haipumzishwi. Lugha imeshaweka maradhi na tiba yake katika jozi moja ya vitenzi, na kazi ya mwanaistilahi ilikuwa kuinama tu na kuiokota.

Ushahidi wa pili ni mzito zaidi, na unasikitisha kwamba waliopendekeza "kipumzishi" hawakuuona. Pumzika ni ndugu wa pumua, na wote wawili wamebeba pumzi. Anayepumzika, kwa asili ya neno, anapata pumzi. Hebu tuangalie dawa zenyewe, maana jina hilo katika Kiingereza hubeba aina mbili. Tarehe 23 Januari 1942, huko Montreal, Harold Griffith na Enid Johnson walimpa mgonjwa wa upasuaji kurare, sumu ya mishale ya Amerika Kusini, ili misuli yake isimsumbue daktari. Kurare na warithi wake, suksamethoniamu na vekuroniamu, huziba mawasiliano ya neva na msuli, na misuli inayozimwa ni pamoja na ile ya kupumulia. Mgonjwa asipopumuliwa kwa mashine au kwa mkono wa mtaalamu, anakufa. Yaani dawa inayokata pumzi imepachikwa jina lenye pumzi ndani yake! Tena katika lugha ambayo tukisema mzee amepumzika, watu huanza kuulizana mazishi ni lini. Diazepamu, ambayo ndiyo hutumika kutuliza mikakamao ya pepopunda, njia yake ni nyingine: hutia nguvu ishara za kuzuia katika ubongo na uti wa mgongo, msuli ukapokea amri chache za kujikaza. Kwa hiyo naomba tuwe na maneno mawili pale Kiingereza mara nyingi hutosheka na moja: kilegezamisuli kwa dawa ya kuondoa mkazo, na kipoozeshamisuli kwa ile ya chumba cha upasuaji. Anayezichanganya hizi mbili hakosei istilahi peke yake.

Nimesomewa mapingamizi. La kwanza, kwamba kulegea ni tusi, kwa kuwa mlegevu ni mzembe na macho ya kulegeza yana habari zake. Ni kweli, lakini kamba hulegezwa, mkanda hulegezwa, masharti ya mkopo hulegezwa, na hakuna aliyewahi kuona haya. Isitoshe, aliyechomwa dawa ya kuondoa mkazo hulegea kwelikweli: hupata usingizi, miguu hukosa nguvu. Jina linalomwonya mapema lina faida kuliko jina linalombembeleza. La pili, kwamba ki- ni ya vifaa, kama kipimajoto na kipazasauti. Waliolileta hili wanaandika kiuavijasumu kila siku bila kusita, na kiuavijasumu si kifaa. La tatu nalitaja kwa sababu limerudiwa kwa kicheko: kwamba msuli pia ni nguo ya kiunoni, hivyo kilegezamisuli kitamvua mtu hadharani. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine "hupiga msuli" usiku kucha kwa maana ya kusoma, na hakuna mwenye akili anayedhani wanapiga nguo. Muktadha hufanya kazi yake. Kama hautoshi, basi "kipumzishamisuli" nacho kimelaza nguo kitandani, maana msuli umo humohumo. Kuhusu wanaotaka tukope neno la Kiingereza lilivyo na kulitia irabu mwishoni, sina ugomvi na ukopaji penye pengo. Hapa pengo halipo.

Matumizi hayana mengi. Ngeli ni ki-/vi-: kilegezamisuli hiki, vilegezamisuli hivi, sindano ya kilegezamisuli. Huchomwa na mtaalamu katika kituo cha afya, kwenye nyama au polepole kwenye mshipa, kwa kuwa hata diazepamu ikiingizwa mshipani kwa pupa huweza kudhoofisha upumuaji. Aliyechomwa asiendeshe bodaboda siku hiyo wala asiguse pombe. Na atakayeandika maneno hayo kwenye karatasi ya mgonjwa, aandike "kulegeza". Kamati ya istilahi, ikipenda, itafuata baadaye.