Swala wa Saanane na Majalada ya Jeshi

Mwishoni mwa Machi 1979, ndege ya mabomu aina ya Tupolev Tu-22, mali ya Libya, ilitumwa kuushambulia mji wa Mwanza. Kiongozi wa Libya, Muammar Gaddafi, alikuwa ameitaka Tanzania iondoe majeshi yake Uganda, yalikokuwa yakipigana na Idi Amin katika vita vya Kagera, na Mwalimu Nyerere hakuondoa hata askari mmoja. Mabomu yaliukosa mji. Yakaangukia Saanane, kile kisiwa kidogo kilichofanywa bustani ya wanyama mwaka 1964, yakaua swala kadhaa.

Kisa kinachekesha ukikisikia barazani. Ukitaka kukiandika, kicheko kinakauka. Rubani alikuwa nani? Alibeba mabomu mangapi? Nani pale Mwanza aliandika saa ya mlipuko? Utawala wa Amin ulianguka Aprili 11, 1979, wa Gaddafi mwaka 2011, na karatasi za jeshi lililoshindwa huishia kuwashia jiko au kufungia karanga. Zinabaki za mshindi, yaani zetu, nazo zina muhuri wa siri.

Sheria si kwamba imenyamaza. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 inaruhusu jalada la serikali kusomwa baada ya miaka 30, na kwa hesabu hiyo vita vya Kagera vilishaiva tangu 2009. Lakini jalada la kusomwa ni lile lililokwisha kuhamishwa kutoka masjala ya wizara kwenda Nyaraka za Taifa. Lililobaki masjala halina umri. Tena ipo Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970, na hata Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 imeyaweka kando mambo ya ulinzi. Ndiyo maana kijana wa chuo anayeandika tasnifu kuhusu vita vile huanza na Baldwin Mzirai na *Kuzama kwa Idi Amin* cha mwaka 1980, akaongeza kitabu cha Tony Avirgan na Martha Honey, waandishi wa habari waliofuatana na majeshi yetu hadi Uganda, kisha akaishiwa.

Hapa ndipo ningependa tujifunze kwa watu wasio maprofesa. Uingereza kuna chama kiitwacho Air-Britain, kilichoanzishwa mwaka 1948, na kingine, Cross & Cockade, cha wapenzi wa ndege za Vita Kuu ya Kwanza. Wengi wa wanachama wao ni watu wa kawaida wenye daftari na subira. Hawaanzi kwa kubisha hodi jeshini. Wanaifuata ndege yenyewe, moja baada ya nyingine, tangu inatoka kiwandani hadi inakatwa chuma chakavu.

Siri ya kazi yao iko kwenye kibati. Kila ndege hutoka kiwandani na namba yake, imegongwa kwenye kipande cha bati na kupigiliwa ndani ya bodi. Jeshi likiinunua litaipaka namba ya jeshi. Ikiuzwa kwa raia itapewa herufi za nchi, na kwa Tanganyika ya ukoloni zilikuwa VR-T, leo ni 5H. Rangi na herufi hubadilika kama bibi harusi anavyobadilisha nguo, ila namba ya kiwandani haibadiliki. Ndege nyingi aina ya Dakota zilizobeba abiria na mizigo Afrika Mashariki miaka ya 1950 zilizaliwa kwa ajili ya vita, zikauzwa bei ya kutupa baada ya 1945. Anayeishika ile namba anaweza kurudi nyuma mpaka vitani bila kuomba kibali cha mkuu wa majeshi yeyote.

Kwa njia hiyo Shinyanga ina utajiri ambao haijauhesabu. John Williamson, mjiolojia wa Kanada, aligundua almasi Mwadui mwaka 1940, na mgodi ukawa na uwanja wake wa ndege, ambao hadi leo una herufi zake za kimataifa, MWN, mbali na SHY za Ibadakuli. Geita na Bulyanhulu nako migodi ina viwanja vyake. Mahali penye kiwanja pana daftari la kutua na kuruka, stakabadhi za mafuta, orodha za abiria. Hizo ni karatasi za kampuni, hazina muhuri wa siri. Adui yake ni mchwa, na yule karani mpya anayetaka kabati tupu.

Nyingine ziko mbali zaidi. Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilipoundwa Septemba 1, 1964, kikosi chake cha anga kilianza kufunzwa na Ujerumani Magharibi; ukaja mgogoro wa Zanzibar na Ujerumani Mashariki, Wajerumani wakafunga virago mwaka 1965. Wakaingia Wakanada na ndege zao aina ya Otter na Caribou hadi 1970, kabla ya Wachina na ndege za kivita. Kwa hiyo anayetafuta mwanzo wa marubani wetu huenda akaupata Ottawa haraka kuliko Dar es Salaam. Majalada ya utawala wa Tanganyika yaliyobebwa na Waingereza wakati wa uhuru yalifichwa Hanslope Park, huko Uingereza, mpaka kesi ya wazee wa Mau Mau wa Kenya ilipoyaibua mwaka 2011. Ya jeshi la Wajerumani, waliotimuliwa Mwanza Julai 1916 na Shinyanga mwishoni mwa Agosti, yana mkasa mbaya zaidi: sehemu kubwa ya kumbukumbu za jeshi la Prussia iliungua Potsdam usiku wa Aprili 14, 1945, kwa mabomu yaliyoangushwa na ndege.

Halafu kuna wazee, na wazee hawangoji miaka 30. Mzee wa Kisukuma hatakwambia Machi 1979. Atakwambia ilikuwa baada ya Operesheni Vijiji na kabla ya sungusungu, na hesabu hiyo ni nzuri: vijiji ni 1974, sungusungu walianza huku Kahama na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980, bunduki za vita zilipogeuka za majambazi. Mwache aongee kwanza, tarehe utaipanga jioni.

Nami nimeanza rejesta yangu kwa mstari mmoja, kwa mtindo wa wale Waingereza wenye daftari. Aina: Tu-22. Mwenye ndege: Libya. Mahali: Saanane, Mwanza. Hasara: swala. Safu ya rubani na ya namba ya kiwandani nimeziacha wazi, na kwenye safu ya pa kuanzia nimeandika kwa penseli: idara ya wanyamapori. Swala wa serikali wakifa, lazima kuna mtu aliyejaza fomu.