Hekalu la Isis katika kisiwa cha Philae

Wasomaji wetu waliosoma historia ya Eklezya wanajua kwamba Kaisari Theodosius alikataza ibada za miungu katika miaka ya 391 na 392. Wengi wetu twadhani, basi, kwamba mahekalu yote yalifungwa mara moja. Sivyo. Kusini ya Misri, karibu na Aswan, katika kisiwa cha mto Nili kisichofika nusu kilomita kwa urefu, Isis aliendelea kuheshimiwa zaidi ya miaka mia moja.

Hekalu lile kubwa lilianza kujengwa wakati wa mfalme Ptolemaios wa Pili, katika karne ya 3 mbele ya Kristu. Isis alikuwa mama wa Horus na mke wa Osiris. Kaburi la Osiris, kwa imani yao, lilikuwa katika kisiwa cha jirani, mahali pasipokanyagwa na watu hivi hivi. Kila siku ya kumi makuhani walipakia sanamu ya Isis katika mashua, wakavuka nayo ili maziwa yamwagwe kwa ajili ya mume wake. Anayetaka kucheka desturi hiyo afikiri kwanza: ni mjane anayetunza kaburi. Kwetu nani asiyemfahamu mjane huyo?

Waliokuja kuhiji hawakuwa Wamisri peke yao. Wanubia walitoka kusini, na mungu wao Mandulis alipewa nafasi ukutani. Kando ya sura yake kuhani Nesmeterakhem alichonga maneno tarehe 24 Agosti 394. Ndiyo maandishi ya mwisho ya hieroglifi yanayojulikana.

Hata mwaka 452 au 453, watu wa kusini, Wablemi na Wanobade, waliposhindwa vitani na Roma, walifanya mapatano. Walitoa mateka, lakini waliachiwa ruhusa ya kuvuka mpaka hekaluni, tena ya kuazima sanamu ya Isis, kwenda nayo kwao na kuirudisha. Dola ya Kikristu ilikubali neno hilo! Na kisiwani penyewe askofu alikuwapo tangu karne ya 4. Walipoteza vita, mama yao hawakumpoteza.

Karibu na mwaka 536 Kaisari Justinianus aliamuru mambo yaishe. Jemadari Narses aliwatia makuhani kifungoni, akapeleka sanamu Konstantinopoli. Procopius, mwandishi wa siku zile, asema hekalu lilibomolewa, lakini kuta zasimama hata leo. Askofu Theodoros aligeuza ukumbi wake kuwa kanisa la Mtakatifu Stefano. Misalaba ikachongwa, na nyuso nyingi za miungu zikagongwa kwa patasi. Twazisikitikia nyuso zile. Walakini twaona kwamba Theodoros alifanya vema kutumia jengo kuliko kuligeuza kifusi.

Maji ya mabwawa ya Aswan yalipotishia kulimaliza, hekalu lilikatwa jiwe kwa jiwe, na kati ya 1972 na 1980 likasimamishwa upya katika kisiwa cha Agilkia. Mgeni afikaye kwa mashua hukuta huko misalaba ya Theodoros pamoja na maandishi ya Nesmeterakhem; kisiwa cha Philae chenyewe kiko chini ya maji.